Mtende Dume na Chumba cha Sungura

Mtaani kwetu Ibra waliniita mama wa vilema, na mimi nikaitikia. Mtu akinitania hivyo kutoka mlangoni kwake, nilimjibu "labeka!" kwa sauti kubwa kuliko yake, mpaka haya zinamshika mwenyewe. Na kweli sungura wangu walikuwa vilema na vizee. Mmoja shingo imekwenda upande, mmoja haoni, mmoja miguu ya nyuma imekufa anaiburura kama mkia. Hawazai, hawaliwi, hawauzwi. Niliwaweka kwenye chumba changu mwenyewe, nikawalisha kwa mti wangu mwenyewe, na ruhusa sikumwomba mtu. Nayasema haya mapema ili asije mtu akadhani naandika kuomba radhi.

Chumba na mti nilivipata kwa mahari. Na mahari yangu ndiyo iliyowachekesha watu kabla ya hao sungura.

Mimi na baba tulikuja Oman mwanzoni mwa miaka ya sabini. Watu walisema "mmerudi," ingawa mimi nchi hii nilikuwa sijaikanyaga hata siku moja. Nimezaliwa Unguja mjini na nimekulia huko. Mume niliyeozeshwa naye alilelewa Unguja pia, na mamake aliishi huko miaka mingi, Kiswahili chake kitamu kuliko changu. Lakini kaka yake mkubwa hakuondoka Ibra. Baba yao alipokufa yeye ndiye aliyeshika nyumba na shamba, na neno lake lilikuwa halirudi. Huyo ndiye shemeji yangu.

Siku ya kuposa, fedha taslimu zilikuwa chache. Shemeji akasema mahari itakuwa kidogo mkononi, na juu yake nitapewa ghala la zamani la tende lililo kando ya falaji, mfereji wa maji ya mashamba, na mtende mmoja, nao baba yangu atauchagua mwenyewe shambani. Baba akafurahi. Yeye alikuwa na minazi yake Unguja, na mtu wa minazi hujiona anajua miti. Akaingia shambani na kanzu yake nyeupe, akapita akiipigapiga mitende kwa kiganja, huu mwembamba, huu umeinama, mpaka akafika kwenye mmoja wenye shina nene na makuti yaliyosongamana, mnene kuliko yote. "Huu," akasema. Shemeji akamwangalia kidogo, akasema, "Mabruk." Na wanaume wote waliokuwepo wakasema mabruk.

Hakuna aliyemwambia kitu. Mnazi, popote ulipo, unazaa. Hauna mume wala mke. Baba angejuaje kuwa mtende si hivyo?

Harusi ilipokwisha wanawake wa mtaa walikuja kunywa kahawa na kumtazama bibi harusi wa Kizinjibari. Mmoja akaniuliza mtende wangu ni upi. Nikanyoosha kidole dirishani kwa fahari zote. Walicheka mpaka vikombe vya kahawa vikamwagika mkekani. Mama mkwe alingoja wamalize, kisha akaniambia kwa Kiswahili, ili wao wasisikie: "Mwanangu, ule dume. Ule hauzai mpaka kiama."

Baba alipopata habari hakutia kitu kinywani siku nzima. Mimi nililia, nasema kweli, nililia kwa hasira si kwa huzuni. Mama mkwe akanikuta nalia akaniambia, "Waache wacheke weye. Baridi ikiondoka watakuja kubisha hodi."

Na walikuja. Mitende majike ikianza kutoa maua, lazima itiwe unga wa maua ya dume, la sivyo inatoa vitende vikavu visivyo na kokwa, hata mbuzi havitaki. Na madume yalikuwa machache katika upande wetu wa falaji, maana kila mtu hataki kuupa maji mti usiozaa. Kila mtu anategemea dume la jirani. Dume langu lilipasua makarara yake, yale maganda ya maua, mapema kuliko mengine yote, na unga wake ulikuwa mwingi na mzuri. Wale wale waliomwaga kahawa walikuja na vikapu. Niliwauzia. Sikumpa mtu bure hata karara moja, na kama ni ubaya, basi ulikuwa ubaya wa raha.

Sungura wa kwanza alikuja baada ya miaka. Ibra palikuwa na soko la wanawake la Jumatano, wanawake watupu, wauzaji na wanunuzi. Nilikwenda kutafuta kitambaa cha shela. Pembeni alikaa bibi mmoja kutoka upande wa Mudhaibi, muuza ubani na kuku, na kando ya matenga yake kulikuwa na kasha la mbao, ndani yake sungura mmoja jike. Kichwa chake kilikuwa kimepinda kabisa, jicho moja linaangalia juu na jingine linaangalia chini. Akijaribu kwenda, anazunguka pale pale na kuanguka. Nikauliza ana nini. Bibi akanambia alikuwa mzazi mzuri, amezaa sana, kisha akashikwa na ugonjwa wa sikio, shingo ikapinda. Sasa hazai. Nyama yake ngumu. Akitoka sokoni atamwacha wadini, kwenye bonde kavu.

Sijui kilichonipanda. Au najua. Wakati ule nilikuwa nimeshaolewa miaka mingi bila ya mtoto, na kila nilipokwenda watu walinitazama tumbo kabla ya kunitazama uso. Nikasikia "sasa hazai," nikamchukua na kasha lake.

Lakini naomba hili lifahamike, maana nimelisikia likisemwa kwa njia ya kunihurumia: sikufuga sungura badala ya watoto. Sungura si mtoto. Mtoto ukimtunza anakua anakuondokea. Sungura mzee ukimtunza anabaki sungura mzee. Nilimfuga kwa sababu alikuwa yuko hai na hakuna aliyemtaka. Sababu hiyo inatosha, haihitaji nyingine ya kuiegemea.

Ghala lile lilimfaa kuliko nyumba. Kuta zake za udongo zilikuwa nene mno, na sakafu imefanywa matuta madogo, ya zamani, ya kuchuruzisha asali ya tende. Nje ya ukuta mmoja falaji inapita. Ibra joto la kiangazi linaua mtu sembuse sungura, aliyevaa manyoya na hajui kutoka jasho. Nilitundika magunia yaliyoloweshwa madirishani, upepo ukipita juu ya falaji ukaingia kwenye gunia bichi, chumba kinapoa. Nilimlaza juu ya magunia ya mchele, nikamzungushia nguo nilizozikunja ili akianguka aegemee kitu. Majani ya gati, yale wanayopewa mbuzi, nilimtilia mdomoni mwenyewe mpaka akajifunza kula kwa upande. Aliishi. Kichwa hakikunyooka, lakini alijua kwenda, kwa njia yake ya pembepembe, na alifika anakotaka.

Kisha habari zikaenea. Kumbe Oman nzima ilikuwa na sungura wasiotakiwa, ila haikuwa na mtu wa kuwapelekea. Mwalimu mmoja aliletewa na mwanafunzi, akaniletea mimi. Jamaa mmoja alitoka Sur na gari yake, ndani yake kuna sungura mzee haoni hata taa, watoto wake wamemchoka. Mwingine aliletwa kutoka Nizwa. Huko soko la mifugo la Ijumaa wanyama huzungushwa duarani mbele ya wanunuzi, na huyu alizungushwa mikononi mwa mwenyewe, duara baada ya duara, na hakuna aliyefungua mdomo kutaja bei. Miguu ya nyuma ilikuwa imekufa. Aliyemleta aliniuliza, "Utamtafutia mtu?"

"Mtu gani tena?" nikamwambia. "Ameshafika. Anayeingia hapa haondoki."

Hiyo ilikuwa kanuni yangu, na niliishika. Sikutaka mnyama mzee aanze tena kujifunza harufu ya nyumba nyingine. Yule kipofu nilimwekea chungu cha maji mahali pamoja, na miaka yote sikukisogeza hata upana wa kidole, maana kile chungu ndicho kilichokuwa macho yake. Yule wa miguu nilimwosha nyuma kwa maji ya uvuguvugu asubuhi na jioni, nikamkausha, asije akaoza ngozi kwa mkojo. Yupo aliyekuwa na meno yanayokua yakipishana mpaka hawezi kufunga mdomo. Niliyakata kwa mkasi mdogo, naye akinipiga mateke. Unga wa dume wa kila mwaka ulilipa gati yao yote. Mti usiozaa ukiwalisha wasiozaa. Nilipolifikiria hilo nilicheka peke yangu.

Mama mkwe hakupenda. Hakuficha pia. Alikuwa akija mlangoni, anakaa juu ya kizingiti na tasbihi yake, ananitazama nikifua matambara. Siku moja akaniambia, "Miye nataka mjukuu kwa mwanangu huyu. Sikufichi."

"Najua, mama. Hata mimi nilitaka."

"Basi."

"Basi."

Hakuwa mwanamke wa kisirani; lililokuwa moyoni mwake alilisema mara moja, kisha hakulirudia. Nilimheshimu kwa hilo, na liliniuma vile vile.

Shemeji yeye hakusema mara moja. Alianza kwa chumba. Alikuja akasimama nje ya ghala, akaangalia ukuta, akaniambia kwa Kiarabu, "Yaa ukhti, dada yangu, ghala hili limechakaa. Inafaa libomolewe, pajengwe chumba cha kisasa, cha saruji, kina choo chake." Nikamwambia sina haja ya chumba cha saruji. Akatabasamu. "Si wewe," akasema.

Nikafahamu. Mwanamke wa pili hawezi kuingizwa kwenye chumba cha wa kwanza. Ana haki ya pake. Shamba lote lilikuwa na nafasi moja tu iliyo karibu na nyumba na karibu na maji, nayo ni ile waliyokaa sungura wangu. Shemeji alikuwa ameshamwona na binti wa watu wazuri, huko mji wa Bidiya. Haya niliyapata kwa wanawake wa kahawa, kama kawaida, kabla mume wangu hajaniambia neno.

Mume wangu alifanya kazi serikalini Maskati, akija kila Alkhamisi. Mtu mpole, na upole wake mara nyingine ulinipandisha wazimu. Nikamuuliza, ni kweli? Akasema, "Kaka ndiye anayetaka." Na wewe unataka nini? Akashika kikombe chake kwa mikono miwili, akasema, "Tutaona."

Wiki iliyofuata, yeye hayupo, likaja lori la matofali. Wafanyakazi wa shemeji wakayapanga mbele ya ghala, wakaziba dirisha lote la upande wa falaji. Niliporudi kutoka sokoni nilimkuta yule wa shingo amelala ubavu, mdomo wazi, anahema. Ndani palikuwa kama tanuri. Nilimpaka maji masikioni, nikamfunika kwa shela yangu iliyolowa, kisha nikatoka nikaanza kuyaondoa yale matofali kwa mikono yangu. Wafanyakazi wakanitazama, hawakujua wanikataze au wanisaidie. Dirisha likafunguka. Matofali sikuyarudisha walipoyaweka. Niliyaingiza ndani nikawajengea sungura vibaraza, safi kabisa, vya kulalia.

Shemeji alipoona alikasirika kwa mara ya kwanza mbele yangu. "Kinachokula na hakizai," akasema, "ni hasara ya nyumba. Hili kila mkulima anajua."

Alikuwa anatazama sungura. Lakini sote wawili tulijua anasema nini, na mama mkwe, aliyekuwa kizingitini, alijua pia. Hakuinua macho kwenye tasbihi yake.

"Chumba hiki mahari yangu," nikamwambia. "Mahari ya mwanamke haina shemeji."

"Sichukui," akasema. "Utampa mumeo mwenyewe. Atakuomba, utampa. Na usipompa, siku ukifa kitarithiwa. Huna mtoto wa kukurithi wewe."

Alisema kweli, na hilo ndilo lililoniwasha moto. Ningeweza kushikilia leo na kesho, lakini siku moja nitachoka, au nitaumwa, au mume wangu ataniomba kwa ule upole wake, nami nitampa. Nilijijua. Kwa hiyo nilifunga buibui langu nikaenda kwa kadhi.

Nikamwambia nataka kuweka wakfu. Ghala na mtende na maji yake. Wakfu hauuzwi, hautolewi, haurithiwi. Hata mwenyewe niliyeuweka siwezi kuurudisha nikilegea. Hiyo ndiyo niliyoitaka, mlango ambao hata mimi sina ufunguo wake. Kadhi akaniuliza ni kwa ajili ya nini. Nikamwambia. Akasema atakuja kuona mwenyewe Ijumaa baada ya alasiri, na niwe na mashahidi, wanaume wawili, au mwanamume mmoja na wanawake wawili.

Alkhamisi mume wangu alipofika nilimwambia kabla hajavua viatu. "Kesho naweka wakfu. Ukitaka kuoa, oa. Lakini si juu ya migongo ya sungura wangu, na si ndani ya mahari yangu." Akanitazama, akaenda kusali.

Ijumaa tulisimama chini ya mtende dume: kadhi, karani wake, mimi, mume wangu, mama mkwe aliyeletewa kiti, na shemeji aliyekuja bila ya kualikwa, kama mwenye shamba. Bibi yule wa ubani nilimwita kutoka Mudhaibi, akaja kwa gari, maana sungura wa kwanza alitoka kwake. Yeye alikubali kushuhudia. Kadhi aliingia ghalani, akatazama vibaraza, akamtazama kipofu akinywa kwenye chungu chake, akatoka.

"Wakfu kwa sungura?" shemeji akasema. "Watu watatucheka mpaka mji wa Adam."

"Kwenye falaji hii hii," nikasema, "upo mtende wa wakfu wa kufuturisha wapita njia. Upo wa sanda za maskini. Upo mmoja wa kununulia kamba ya kisima cha msikiti. Kamba, shemeji. Kamba ina wakfu, kiumbe mwenye roho hana?"

Kadhi akasema kulisha mnyama ni sadaka, na sadaka haichekwi. Kisha akanigeukia. "Wakfu ni wa daima. Sungura hawa wakifa?"

"Watakuja wengine. Wasiotakiwa hawakosekani duniani."

Karani akaandika. Kadhi akauliza, "Mashahidi?"

Bibi wa ubani akasema yeye. Nilitazama mchanga. Sikumtazama mume wangu, kwa sababu nilijiapiza kuwa sitamwomba. Akija, aje mwenyewe. Nikasikia viatu vyake vikisogea. "Mimi," akasema. "Mimi ni shahidi." Kaka yake akamwita kwa ukali. Yeye akarudia, "Mimi ni shahidi, kaka. Na watu wa Bidiya wape salamu zangu, uwaombe radhi." Nililia hapo hapo mbele ya kadhi, na sioni haya kulisema.

Lakini bado alihitajiwa mwanamke mmoja, maana kadhi na karani wake hawahesabiwi mashahidi. Shemeji alilijua hilo, akatulia, akakunja mikono. Wanawake wa mtaani hakuna ambaye angethubutu kumvunjia neno. Na aliyebaki pale alikuwa mama yake, ambaye kwa kinywa chake aliniambia anataka mjukuu.

Mama mkwe alimaliza duara la tasbihi yake. Hakuharakisha.

"Andika na jina langu," akamwambia karani.

"Mama!" shemeji akasema.

"Nalitaka mjukuu," akasema mama mkwe, "na hata sasa namtaka. Sikubadili." Kisha akainua mkono wake wenye mishipa, akauonyesha ule mti mnene aliouchagua baba yangu. "Mti huu haujapata kuzaa hata tende moja. Nawe tende ulizokula maisha yako yote, umezila kwa unga wake. Sasa nyamaza, kadhi aandike."

Shemeji akanyamaza, na kadhi akaandika.

Niliporudi ghalani magunia yalikuwa yamekauka. Nikachota maji ya falaji nikayalowesha moja moja, nikatundika.

Sikuzaa, wala hakuja mwanamke wa pili. Wale sungura wa mwanzo walikufa kwa uzee, kila mmoja mahali alipopazoea, na wengine wakaja. Mtende upo. Kila baridi ikiondoka, ukipasua makarara, wanakuja na vikapu, na siku hizi wanaotangulia ni wana wa shemeji, maana shamba la baba yao lina majike matupu. Wananiamkia kwa adabu, shikamoo, nami naitikia marahaba. Kisha nawauliza kabla sijafungua mlango: gati ya sungura mmekuja nayo?

Na wao wanajua. Wanakuwa nayo mgongoni.